Somo kwa Makatibu na Wanachama: Mashine Ibanayo Mafuta na Jumla ya Mafuta

Miongoni mwa maombi ya mkopo yafikishwayo mbele ya Mkutano Mkuu wa chama cha wavuvi, ombi la kununua mashine zinazotumia mafuta kidogo ndilo lipitalo kwa urahisi. Hoja yake haihitaji ufafanuzi. Mashine ya zamani hunywa lita 20 kwa safari, mpya itakunywa lita 14. Zidisha akiba hiyo kwa safari za mwezi, zidisha tena kwa bei ya petroli, na fedha ya kulipia deni imekwisha kupatikana. Mikono hunyoshwa, muhtasari hutiwa sahihi, na Katibu hujiandaa kwenda benki.

Hesabu hiyo ina kosa moja, wala si kosa la kujumlisha. Inachukulia kwamba watu watakaokabidhiwa mashine mpya wataendelea kuvua kama walivyovua na zile za zamani: siku zile zile, mahali pale pale, kwa idadi ile ile ya vyombo. Aghalabu hawafanyi hivyo. Kitu kikipungua gharama watu hukitumia zaidi, na yamkini wakakitumia zaidi hata jumla ya matumizi ikapita pale ilipokuwa kabla akiba haijapatikana. Somo hili limekusudiwa kumwonyesha Katibu namna ya kulitambua jambo hilo katika karatasi kabla halijamtokea katika mizania, na kumwonyesha mwanachama jinsi chama chenye mashine bora na manahodha hodari kiwezavyo kushindwa kulipa deni ambalo mahesabu yake yalionekana safi.

Chama chenye boti 10

Mfano ufuatao ni wa kubuni, na tarakimu zake zimechaguliwa ili zihesabike kwa urahisi. Kila chama kitaweka zake. Chama hicho, na kiwe mahali popote kati ya Tongoni na Kigombe, kina boti 10 za mashine. Kila boti hutoka safari 16 kwa mwezi, na kila safari hutumia lita 20. Chama kizima basi hutumia lita 3,200 kwa mwezi, yaani 10 mara 16 mara 20. Petroli na ihesabiwe kwa Sh. 3,000 lita moja, samaki kwa Sh. 4,000 kilo moja, na gharama nyingine za safari, yaani barafu, chambo na chakula cha mabaharia, ziwe Sh. 20,000. Safari moja itagharimu Sh. 80,000. Boti ikileta kilo 30 kwa wastani huuza Sh. 120,000, na zinazobaki ni Sh. 40,000 za kugawana mwenye chombo na mabaharia wake. Kwa safari zote 160 za mwezi, ziada ni Sh. 6,400,000.

Zinaletwa mashine mpya kwa mkopo ambao rejesho lake ni Sh. 2,000,000 kwa mwezi. Lita 14 kwa safari badala ya 20 ni akiba ya lita 960 kwa mwezi, ambazo thamani yake ni Sh. 2,880,000. Mwezi wa kwanza mambo huenda sawasawa na ubao ulivyosema. Safari hugharimu Sh. 62,000, ziada yake hupanda hadi Sh. 58,000, na ziada ya chama kizima hufikia Sh. 9,280,000. Rejesho likishatolewa hubaki Sh. 7,280,000, nazo ni nyingi kuliko zile za zamani. Watu hufurahi, na wana haki ya kufurahi.

Mambo hubadilika polepole, na kwa sababu ambazo kila moja ina maana yake. Zamani nahodha aliyekisia kwamba leo hatapata zaidi ya kilo 18 alibaki pwani akishona nyavu, kwa kuwa kilo 18 ni Sh. 72,000, wala hazifikii gharama ya Sh. 80,000. Sasa safari ni Sh. 62,000, na kwa kilo hizo hizo 18 atabakiwa na Sh. 10,000. Kwa nini akae? Anatoka. Safari za kila boti zinapanda kutoka 16 hadi 20 kwa mwezi, na mafuta ya chama yanakuwa lita 2,800. Bado ni chini ya 3,200, lakini akiba ya lita 960 imekwisha kuwa lita 400.

Kisha nahodha anatambua kwamba lita moja ya leo inamfikisha mbali kuliko lita ya jana. Miamba ya karibu imevuliwa sana, ya mbali bado ina samaki wakubwa. Anasogea. Safari ya lita 14 inakuwa ya lita 17, na jumla ya chama inafikia lita 3,400. Hapo akiba yote imekwisha, na chama kimeanza kununua mafuta mengi kuliko kilivyonunua kwa mashine kuukuu. Mwisho, wenye vyombo wawili walioweka fedha katika miezi mizuri wanaongeza boti moja moja. Boti ni 12, safari 20, lita 17: jumla lita 4,080 kwa mwezi, ambazo ni lita 880 zaidi ya zile za kabla ya mashine za kubana mafuta kuletwa.

Katika hatua zote hizo hakuna mtu aliyemwaga mafuta. Hakuna aliyeiba. Kila mashine inafanya kazi kama muuzaji alivyoahidi, na mkaguzi atakayepima safari moja moja ataona kweli kwamba matumizi ya kila safari yamepungua. Ongezeko limeletwa na ubora wenyewe wa mashine, kwa kuwa umeirahisisha safari.

Katibu anaweza kuujua mapema mpaka wa hatari kwa kugawanya mara moja tu. Achukue jumla ya mafuta ya zamani, lita 3,200, aigawanye kwa matumizi mapya ya safari, lita 14. Jawabu ni 228 na kitu. Maana yake, safari za chama kizima zikivuka 228 kwa mwezi, akiba ya mafuta imekwisha yote. Na kama safari zimerefuka hadi lita 17, mpaka huo hushuka hadi 188. Chama cha mfano kilikuwa na safari 160, sasa kina 240.

Upande wa samaki

Mafuta yana bei, na bei hupiga kelele mapema. Samaki hawapigi kelele. Safari zikiongezeka kutoka 160 hadi 240 katika maji yale yale, pato la kila safari hupungua. Na lishuke kutoka kilo 30 hadi kilo 22. Jumla ya samaki wa mwezi ni kilo 5,280 badala ya 4,800, na mauzo yamepanda hadi Sh. 21,120,000. Mwenyekiti akisoma tarakimu hizo mbili mbele ya wanachama, watu watapiga makofi. Lakini kila safari sasa inagharimu Sh. 71,000, na safari 240 ni Sh. 17,040,000. Ziada ni Sh. 4,080,000, ambapo kabla ya mkopo ilikuwa Sh. 6,400,000. Ukitoa rejesho la benki zinabaki Sh. 2,080,000, tena kwa kugawana mabaharia wa boti 12 badala ya 10.

Msomaji na atazame jambo moja ambalo ndilo gumu kuliko yote. Katika hali hiyo mbaya kila safari bado inaleta faida ya Sh. 17,000. Hakuna nahodha hata mmoja ambaye, akitazama daftari lake mwenyewe, ataona sababu ya kubaki pwani. Hasara iko katika jumla, na jumla haionekani katika chombo cha mtu mmoja. Inaonekana katika vitabu vya chama tu, kama vimeandikwa.

Mwaka 1954 mwanauchumi wa Kanada, H. Scott Gordon, aliandika kuhusu uvuvi wa bahari isiyo na mwenyewe akaeleza kwamba watu huendelea kuongeza vyombo mpaka pato la safari linalingana na gharama yake. Hapo tu ndipo wanapokoma, kwa kuwa anayezidi hapo anapata hasara. Kwa mfano wa chama hiki, mashine ya zamani iliwakomesha wavuvi pato lilipofika kilo 20, kwa kuwa kilo 20 ndizo Sh. 80,000. Mashine mpya, kwa safari ile ile, inawakomesha pato likifika kilo 15 na nusu. Samaki waliokuwa wakiachwa baharini kwa sababu haikulipa kuwafuata, sasa inalipa kuwafuata. Akiba ya mafuta imegeuka kuwa ruhusa ya kushuka chini zaidi katika akiba ya samaki.

Watu wa Tongoni hawana haja ya kwenda mbali kulielewa hilo. Kijiji chao, ambacho zamani kiliitwa Mtang'ata, kimekaa pwani hiyo tangu kabla ya msikiti na makaburi ya nguzo ambayo magofu yake yapo hadi leo, na kwa karne zote hizo kilivua kwa tanga, kafi na pondo. Hata maji yake si ya kuchezea: meli ya Vasco da Gama iitwayo São Rafael ilikwama katika mafungu ya Mtang'ata mwezi Aprili 1498, na mwaka uliofuata Wareno wakaichoma moto huko huko kwa kukosa mabaharia wa kutosha. Mvuvi wa tanga hakuwa na gharama ya mafuta, lakini alikuwa na mipaka mingine. Kusi ikichafuka katikati ya mwaka, ngalawa zilipandishwa pwani. Miamba ya nje haikufikika ila siku chache za bahari shwari. Haikuwako sheria yoyote iliyoandikwa kwamba samaki wapumzike miezi hiyo. Upepo ulikuwa ndio sheria, na umbali ndio askari wake. Mashine iliiondoa sheria hiyo, na kila mashine iliyo bora kuliko iliyotangulia huiondoa kidogo zaidi, bila mtu kuona kwamba kuna kitu kilichofutwa.

Mfano wa kina cha maji ni wa namna hiyo hiyo. Nyavu za nailoni ni nyepesi, imara na hazioza kama zile za pamba, hivyo jarife la papa liliweza kutegwa chini sana, mahali ambapo zamani halikufika. Kuanzia mwaka 2004 majarife ya mwambao wa Tanga, hasa mbele ya Kigombe, yalianza kunasa silikanti, samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Mvuvi hakumtafuta, wala nyama yake haina soko. Alikuwa amekingwa na kina tu, na kinga hiyo ilikwisha. Mwaka 2009 Serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, ambayo eneo lake linaanzia mlango wa mto Pangani na kupita maji ya Tongoni kuelekea kaskazini ya mji wa Tanga. Kinga iliyokuwa ya bure ikalazimu kuandikwa katika Gazeti la Serikali na kuwekewa doria.

Jambo hili si geni

Yasidhaniwe kuwa ni mambo ya wavuvi peke yao. Mwaka 1865 Mwingereza William Stanley Jevons alitoa kitabu juu ya makaa ya mawe ya nchi yake. Wakati huo wako waliosema kwamba hofu ya makaa kwisha haina msingi, kwa kuwa mashine za mvuke zinazidi kuwa bora na kutumia makaa kidogo. Jevons aliwajibu kwamba mambo ni kinyume chake. Mashine ya Newcomen ilikula makaa mengi hata haikufaa ila kuvuta maji mle mle machimboni, ambako makaa yalikuwa karibu bure. Mashine ya James Watt, iliyopewa hataza mwaka 1769, ilifanya kazi hiyo hiyo kwa makaa machache zaidi, na kwa sababu hiyo ikafaa kuwekwa katika viwanda vya nguo na vya chuma, na baadaye warithi wake wakaingia katika reli na meli. Kila mahali ilipoingia ilihitaji makaa. Alipoandika Jevons, Uingereza ilichimba karibu tani milioni 100 kwa mwaka. Mwaka 1913 ilichimba tani milioni 287.

Karibu zaidi na nyumbani upo mfano wa maji, nao unawahusu wakazi wa Pangani na Tanga kwa kuwa maji yenyewe huteremka kwao. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa ushirikiano na Japani ukakamilika mwaka 1987, ulikusudiwa kumwagilia hekta 2,300, kati yake kiasi cha hekta 1,100 zikiwa za mpunga. Mifereji ilisakafiwa, mbegu za kisasa zikaletwa, na mavuno yakapita tani 6 kwa hekta. Kwa kipimo cha gunia kwa tone la maji, ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini wakulima wa sehemu za juu za mto Rau, ambao hawakuwamo katika mradi, waliona kwamba maji yanaweza kuzaa fedha kiasi hicho, nao wakafungua majaruba yao wakayachukua maji kabla hayajafika kwenye milango ya mradi. Wa chini wakabaki na mifereji mizuri isiyo na maji ya kutosha, na eneo lililopangwa halikuweza kulimwa lote. Wakulima wa mpunga wa huko wana chama chao cha ushirika, CHAWAMPU, na ugomvi wa zamu za maji wanaujua kuliko mtu yeyote wa vitabuni. Rau ni tawi la maji yaendayo bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo mto Pangani. Hivyo kila kinachozidi kutumika juu hupungua chini.

Ng'ambo yamekuwa hayo hayo. Katika jimbo la Kansas, Marekani, wakulima walisaidiwa fedha za kubadili mitambo ya kunyunyiza ili wapoteze maji kidogo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba maji waliyoyavuta kutoka ardhini yaliongezeka, kwa kuwa walihamia mazao yenye kiu zaidi na kumwagilia mashamba makubwa zaidi.

Si kila akiba huliwa

Itakuwa makosa kwa Katibu kusoma hayo akatoka akiwahubiria wanachama kwamba kubana matumizi hakufai. Ofisi ya chama ikibadili taa ikaweka zile zinazotumia umeme kidogo, bili ya umeme itashuka na itabaki imeshuka. Hakuna mhasibu atakayewasha taa mchana kwa furaha ya urahisi wake. Haja ya mwanga ofisini ina kikomo, na chama kilikuwa kimekwisha kukifikia.

Jiko la mkaa ni mfano wa katikati. Jiko la bati lenye tumbo la udongo, ambalo lilienea kutoka Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, hubana mkaa kweli. Mama wa nyumbani aliyekuwa akipika maharage mara moja kwa juma kwa kuogopa gharama ya mkaa, akilipata jiko hilo atapika mara mbili. Sehemu ya akiba imeliwa, lakini imeliwa na watoto, na hakuna mtu mwenye akili atakayeita hasara. Mama lishe wa stendi, kwa upande wake, akipunguza gharama ya sahani moja atapunguza bei, atavuta wateja, ataongeza sufuria na jiko la pili. Huyo yamkini mwisho wa mwezi akanunua magunia mengi kuliko zamani. Jiko ni lile lile. Tofauti ni kwamba mmoja ana kikomo cha haja na mwingine ana soko lililo wazi.

Basi Katibu ajiulize mambo matatu kabla ya kuandika andiko la mkopo. Je, kitu kinachobanwa ni sehemu kubwa ya gharama yote? Petroli ni robo tatu ya gharama ya safari katika mfano wetu, kwa hiyo kuipunguza kunabadili uamuzi wa nahodha. Je, iko haja iliyokuwa imezuiliwa na gharama, kama zile siku za kilo 18? Na je, mali inayofuatwa ni ya nani? Kama ni ya wote na haina mlango, yeyote atakayeachwa nje ya mpango ataingia kuchukua kilichoachwa. Jawabu la tatu ndilo lenye uzito zaidi. Shamba la mtu lina mpaka, mwamba hauna.

Ukomo

Vyama vya ushirika vinalijua tayari neno linalohitajika hapa. Kila mwaka Mkutano Mkuu hupitisha ukomo wa madeni, na hapana Bodi yenye ruhusa ya kukopa kupita ukomo huo, hata kama benki iko tayari na riba ni nafuu. Hakuna anayesema kwamba ukomo wa madeni ni dharau kwa Bodi. Vivyo hivyo, siku ile ile Mkutano unapopitisha mkopo wa mashine, unaweza kupitisha ukomo wa safari na wa vyombo: kwa chama cha mfano, safari 160 au 180 kwa mwezi, boti 10, na miezi ya kupumzisha miamba fulani. Ukomo ukipitishwa mwaka mmoja baadaye, baada ya boti za 11 na 12 kununuliwa, unakuwa ni kumnyang'anya mtu chombo chake, na Katibu anajua mkutano wa namna hiyo unavyomalizika.

Njia ya pili ni ya makato. Chama kinachouza mafuta kwa wanachama wake kinaweza kukata ile akiba kabla haijafika mikononi. Safari mpya inagharimu Sh. 62,000, chama kikate Sh. 18,000 kwa kila safari, na gharama machoni pa nahodha inabaki Sh. 80,000 kama zamani. Siku ya kilo 18 atabaki pwani kama alivyobaki. Kwa safari 160 makato ni Sh. 2,880,000, yanalipa rejesho la benki Sh. 2,000,000 na kubakiza Sh. 880,000 kila mwezi katika mfuko wa akiba, fedha ambayo mwisho wa mwaka itagawanywa kwa uamuzi wa Mkutano Mkuu, si kwa lita alizochoma mtu. Hapo hesabu ya ubaoni inatimia.

Njia hiyo ina uchungu wake, wala haifai kufichwa. Mabaharia watauliza faida ya mashine mpya iko wapi ikiwa mgao wa safari haukupanda, na swali lao ni la haki. Walio wengi wanaishi kwa mgao wa siku. Huenda ikalazimu kukata Sh. 12,000 badala ya 18,000 na kukubali kwamba sehemu ya akiba italiwa. Makato hayo yangeleta Sh. 1,920,000 kwa safari 160, pungufu kidogo ya rejesho, na pengo la Sh. 80,000 lingepaswa kujulikana tangu mwanzo. Aidha, makato ya chama hayamfungi asiye mwanachama. Mvuvi wa kijiji jirani, au mgeni wa dago anayepiga kambi msimu mmoja, atakuta samaki walioachwa na wanachama na kuwachukua kwa shukrani.

Kwa sababu hiyo chama peke yake hakiwezi kuweka mlango baharini. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imeweka nafasi ya vikundi vya usimamizi wa rasilimali za pwani, vinavyojulikana kama BMU, na vijiji vya mwambao wa Tanga vilianza hata kabla ya hapo, katika mpango wa hifadhi ya pwani ulioanza mwaka 1994, kukaa pamoja na kukubaliana juu ya miamba ya kufungwa na nyavu za kukatazwa. Eneo la Mtang'ata, lenye Tongoni ndani yake, lilikuwa miongoni mwa yaliyowekewa mpango wa namna hiyo. Katibu anayeandaa andiko la mashine na asilipeleke benki kabla hajakaa na viongozi wa BMU, kwa kuwa wao ndio wenye uwezo wa kumkabili yule wa nje.

Kuhusu vitabu, daftari la mafuta katika vyama vingi lina safu za tarehe, jina, lita na fedha. Hilo linatosha kwa ukaguzi wa fedha lakini halitoshi kwa somo hili. Iongezwe safu ya idadi ya safari kwa kila chombo na safu ya kilo zilizopimwa mnadani. Kila mwisho wa mwezi Katibu ajumlishe lita, safari na kilo, kisha agawanye lita kwa safari, na kilo kwa safari. Lita kwa safari zikishuka huku jumla ya lita ikipanda, na kilo kwa safari zikishuka pia, Bodi na iitishwe mwezi ule ule.

Mazoezi ya darasa la wanachama

1. Chama kina boti 8, kila moja safari 15 kwa mwezi, lita 24 kwa safari. Mashine mpya inatumia lita 18. Tafuta jumla ya mafuta ya sasa, na idadi ya safari za chama ambayo ikivukwa akiba imekwisha.

2. Katika chama hicho hicho, gharama nyingine za safari ni Sh. 24,000, petroli Sh. 3,000 na samaki Sh. 4,000 kwa kilo. Nahodha atakoma kutoka pato likifika kilo ngapi kwa mashine ya zamani, na kilo ngapi kwa mpya? Tafuta pia makato ya safari yatakayofanya majibu hayo mawili yalingane.

3. Mwanachama mmoja anasema, "Mimi nikibaki pwani, wa kijiji cha pili atavua." Je, anasema kweli? Darasa lijadili jawabu la kumpa, na litaje ni nani aitwe kwenye kikao ili jawabu hilo liweze kutekelezwa.